Kuishiwa na Pumzi Si Uzee

Haya ni mazungumzo ya afisa wa kliniki anayehudumu katika kliniki ya kifua, aliyoyatoa katika baraza la afya mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, mama karanga, wachoma makaa na wananchi wengine. Tunayachapisha kwa sababu waliohudhuria waliomba nakala wakawasomee walio nyumbani.

Naomba nianze na mama yangu mzazi.

Mama yangu alikuwa mama karanga. Kwa zaidi ya miaka 30 alinunua samaki ufuoni alfajiri, akawakaanga kwa kuni ndani ya banda la makuti lisilo na dirisha, na jioni akawauza kando ya barabara. Samaki hao ndio walionisomesha. Mama hakuwahi kuvuta sigara hata moja maishani mwake.

Alipovuka miaka hamsini alianza kukohoa kila asubuhi. Tukasema ni moshi tu, utaisha. Baadaye, akipanda kutoka ufuoni na ndoo yake, ikawa lazima asimame mara mbili njiani. Tukasema ni uzee. Jirani mmoja akasema karogwa, na akataja na jina la mzee anayemshuku. Kwenye kituo kimoja cha afya alipewa dawa ya kikohozi, kisha antibiotiki, na mwisho akatibiwa kifua kikuu ingawa makohozi yake hayakuonyesha vijidudu. Na mimi, wakati huo nikiwa tayari navaa koti jeupe, nikija nyumbani mwisho wa mwezi nilimwambia, "Mama, umri umeenda, pumzika."

Maneno yangu hayo ndiyo yaliyonileta hapa leo. Ilipita karibu miaka minne kabla sijampeleka akapulize kwenye mashine ya kupima pumzi. Majibu yalipotoka, mapafu yake yalikuwa yanatoa chini ya nusu ya hewa ambayo mwanamke wa umri na kimo chake angeitoa kwa sekunde moja. Hayo hayakuwa ya mwaka mmoja. Yalikuwa yamejengeka polepole, na kila mmoja wetu alikuwa na jina lake la kuyaita isipokuwa jina lenyewe.

Jina lenyewe ni ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa. Hospitalini mtatusikia tukiuita kwa herufi nne, COPD. Nataka mkitoka hapa muwe mnaelewa unafanya nini ndani ya kifua, kwa sababu mtu akielewa hawezi tena kusema "ni uzee tu".

PUMZI MOJA INA KAZI GANI

Vuta pumzi moja ya kawaida. Hewa uliyoivuta ni kama nusu lita, sawa na ile chupa ndogo ya maji. Imepita puani, ikashuka kwenye bomba la hewa, bomba likagawanyika mara mbili, moja pafu la kulia na moja la kushoto. Kila bomba likagawanyika tena na tena, kama mti ulioinuliwa mizizi juu, hadi vijibomba vikawa vyembamba kuliko mrija wa soda, halafu vyembamba kuliko uzi.

Mwisho wa vijibomba hivyo kuna vifuko vidogo vya hewa, vimeshikana kama zabibu kwenye kishada. Ni vidogo sana, na idadi yake ni mamia ya milioni. Vikikunjuliwa vyote na kutandazwa chini, vinafunika kama mita mraba 70, yaani sakafu ya nyumba ya mita 7 kwa 10. Nyumba nzima hiyo umeibeba kifuani.

Kila kifuko kimezungukwa na mishipa ya damu myembamba mno. Kati ya hewa na damu kuna ukuta mwembamba usiofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Hapo ndipo biashara yote inapofanyika. Oksijeni inavuka kutoka kwenye hewa kuingia kwenye damu. Hewa ya ukaa, ambayo ni taka ya mwili, inavuka kutoka kwenye damu kuingia kwenye hewa, ili uitoe.

Fikirieni steji ya matatu. Gari linafika, abiria wa hewa ya ukaa wanashuka, abiria wa oksijeni wanapanda, gari linaondoka. Chembe nyekundu ya damu hukaa kwenye steji hiyo chini ya sekunde moja, kiasi cha robo tatu ya sekunde. Katika pafu zima, robo ya kwanza tu inatosha kujaza viti vyote. Zile robo mbili zilizobaki ni akiba. Shikeni neno hilo, akiba, nitalirudia.

Hewa tunayovuta ina oksijeni kama sehemu 21 kwa kila 100. Tunayoitoa ina kama 16. Hewa ya ukaa inaingia ikiwa karibu na sifuri na inatoka ikiwa sehemu 4 hivi. Kwa hiyo kupumua ni kazi mbili, kuingiza na kutoa. Ugonjwa huu unaharibu zote mbili, na cha ajabu ni kwamba unaanza na kutoa.

JARIBU KIDOGO

Tufanye jaribio moja. Mwenye shida ya kifua au ya moyo asifanye, atuangalie tu. Nyinyi wengine, vuteni pumzi mpaka kifua kijae. Sasa toeni kidogo tu, msimalize. Vuteni tena juu yake. Toeni kidogo. Vuteni tena.

Mnaonaje? Mabega yamepanda, kifua kimekaza, mnataka hewa na nafasi haipo. Hivyo ndivyo mama yangu alivyokuwa akijisikia anapofunga kanga.

Watu wengi wanadhani mgonjwa huyu hawezi kuvuta hewa. Shida yake ya kwanza ni kwamba hawezi kuitoa yote. Moshi umeziudhi njia zake za hewa kwa miaka, zikavimba kwa ndani, zikatoa makohozi mengi, zikawa nyembamba. Tunapovuta pumzi kifua kinapanuka na njia zinafunguka, kwa hiyo hewa inaingia. Tunapotoa, njia zinajibana, na zile zilizovimba zinajifunga kabla hewa haijatoka. Hewa ya zamani inabaki ndani. Ni matatu iliyofika steji, abiria wakakataa kushuka. Wapya watapanda wapi?

Ule msuli mpana ulio chini ya mbavu, kiwambo, ambao kazi yake ni kuvuta mapafu chini kama pampu, unasukumwa na ile hewa iliyonaswa mpaka unabaki umelala bapa, hauna nguvu tena. Ndipo mgonjwa anaanza kupumua kwa misuli ya shingo na mabega. Mtamwona ameketi ameinama mbele, mikono juu ya magoti, shingo imekaza. Hajivuni wala hana hasira. Anaitafuta pumzi.

UKUTA UKIANGUKA

Njia kuwa nyembamba ni nusu ya ugonjwa. Nusu ya pili iko kwenye vifuko vyenyewe. Moshi unaziamsha chembe za kinga za mwili, na chembe hizo zinatoa kemikali ambazo polepole zinakula kuta za vifuko. Vifuko kumi vinaungana kuwa kimoja kikubwa, kama nyumba ya vyumba kumi iliyovunjwa kuta za ndani ikawa ukumbi mmoja. Ukumbi ni mkubwa, lakini mahesabu yake ni mabaya. Ukipaka rangi vyumba kumi unatumia rangi nyingi kuliko ukumbi mmoja, kwa sababu kuta ni nyingi. Pafu linaishi kwa kuta zake. Kuta zikipungua, mahali pa oksijeni kuvuka panapungua, na mishipa ya damu iliyokuwa kwenye kuta hizo inapotea pia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mapafu, ukuta ukishaanguka hakuna fundi wa kuujenga, Mombasa wala Nairobi wala India. Tunachoweza ni kuzuia ufa unaofuata. Kwa hiyo mwaka mmoja wa kuchelewa si jambo dogo.

Kuna jambo jingine. Sehemu moja ya pafu inaweza kuwa na damu inayopita lakini hewa haifiki, na sehemu nyingine ikawa na hewa lakini damu haipiti. Steji moja abiria tele, magari hakuna. Steji nyingine magari tele, abiria hakuna. Ukijumlisha unaona hewa ipo na damu ipo, lakini hazikutani.

KWA NINI AKIKETI ANAONEKANA MZIMA

Hapa narudi kwenye lile neno akiba. Mtu akiwa ameketi, damu inapita polepole kwenye mapafu. Hata pafu lililoharibika linaweza kumaliza kazi ndani ya muda uliopo. Anaongea vizuri, anacheka, anakunywa chai. Watu wanasema, "Huyu anajisingizia." Akiinuka kwenda kuchota maji, moyo unakwenda mbio, damu inapita steji kwa haraka, ule muda wa akiba unaisha, na chembe zinaondoka na viti vitupu. Wakati huohuo anapumua haraka, hivyo muda wa kutoa hewa unazidi kuwa mfupi, na hewa inazidi kunaswa. Hatua ishirini tu, amesimama ameshika mnazi.

Kwa hiyo wahudumu wa afya ya jamii, mkiingia nyumbani msimwulize mzee, "Unapumua vizuri?" Atajibu ndiyo, maana ameketi. Mwulizeni: "Siku hizi ni kazi gani umeacha kuifanya?" Atawaambia ameacha kwenda shamba, ameacha kwenda msikitini au kanisani kwa miguu, anaoga akiwa ameketi. Hayo ndiyo majibu ya kweli. Ugonjwa huu unakuja kimya kwa sababu mtu anapunguza maisha yake kidogo kidogo ili yalingane na pumzi iliyobaki.

Na anayetoka hapa pwani kwenda kuwatembelea watoto Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ajue kule hewa ni nyepesi zaidi. Akiba yako ikiwa ndogo, ngazi ulizozipanda bila shida nyumbani zitakushinda kule. Mwone daktari kabla ya safari.

MOSHI WA NANI?

Katika nchi tajiri, sigara ndiyo inayosababisha zaidi ya asilimia 70 ya ugonjwa huu. Katika nchi kama yetu, Shirika la Afya Duniani linasema sigara inasababisha asilimia 30 hadi 40, na moshi wa nyumbani ni chanzo kikubwa. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zinapika kwa kuni. Anayeketi karibu na moshi huo mnamjua. Ni mama, ni binti aliyemshikia mtoto, ni nyanya aliyebaki nyumbani.

Mchoma makaa anayekaa usiku kucha akichunga tanuri yumo. Anayechoma chokaa yumo. Kijana anayekata mawe kwenye timbo bila kufunika pua yumo, ingawa vumbi la mawe lina ugonjwa wake mwingine vilevile. Aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona yumo pia, kwa kuwa makovu ya kifua kikuu yanaweza kuacha pafu likiwa dhaifu. Huyo asianzishiwe dawa za kifua kikuu upya kila anapokohoa. Apimwe makohozi kwanza, na mapafu yapimwe pumzi.

Na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa lina hatari ya haraka zaidi. Linatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Ikiingia kwenye damu inakalia viti vya oksijeni na inang'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Familia inalala na haiamki. Usilale na jiko ndani, hata kama kuna baridi ya mvua.

Wengine watasema karogwa. Mimi sikuja kugombana na imani ya mtu. Ila katika kaunti yetu tunajua neno hilo linaweza kumfanya nini mzee asiye na hatia. Kabla hujamtaja mtu, mpeleke mgonjwa akapulize kwenye mashine. Mashine haina ukoo wala shamba la kugombania.

NINI KIFANYIKE

Jambo la kwanza ni kupima. Mwenye umri wa miaka 40 au zaidi, anayekohoa karibu kila siku, anayetoa makohozi, anayesikia kifua kikilia kama filimbi, au anayeachwa nyuma na wenzake wa rika lake wakitembea, aje. Akiwa anakohoa kwa wiki mbili au zaidi atapimwa kifua kikuu pia, na kipimo hicho pamoja na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali. Tutamwomba apulize kwa nguvu zake zote kwenye mashine iitwayo spairomita. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida anatoa angalau sehemu 70 kwa kila 100 ya pumzi yake katika sekunde ya kwanza. Akiwa chini ya hapo hata baada ya dawa ya kupanua njia, tunajua njia zimeziba. Haina sindano. Kama zahanati yako haina mashine hiyo, omba barua ya rufaa.

La pili ni kuondoa moshi. Anayevuta sigara aache, na asiambiwe kwamba amechelewa. Mwaka 1977 wataalamu wawili Waingereza, Charles Fletcher na Richard Peto, walichapisha utafiti uliowafuata wanaume wafanyakazi wa London kwa miaka kadhaa. Walioacha sigara hawakurudishiwa pumzi iliyopotea, lakini kasi ya kuipoteza ilipungua ikawa karibu na ya wasiovuta. Ukiacha leo, unalinda ulichobaki nacho. Kwa mama jikoni ni vilevile. Kama gesi iko ndani ya uwezo wako, itumie. Kama haiko, toa jiko nje ya nyumba, pika chini ya kivuli kilicho wazi pande zote, anika kuni zikauke kabisa, funika sufuria chakula kiive mapema, na mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kuwasha moto. Mume anayeweza kujenga kibanda cha kuku anaweza kufungua dirisha la jikoni.

La tatu ni dawa ya kuvuta, ile tunayoiita pampu. Inalegeza misuli iliyobana njia za hewa ili ile hewa iliyonaswa itoke. Wengi wanaipulizia mdomoni na kuimeza, haifiki popote. Itikise. Toa pumzi yote. Ziba kwa midomo, bonyeza huku ukianza kuvuta polepole, halafu shikilia pumzi ukihesabu hadi kumi. Subiri kama dakika moja kabla ya kurudia. Ukishindwa kulinganisha kubonyeza na kuvuta, chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, safi na kavu, toboa tundu chini linalobana mdomo wa pampu, vuta kupitia mdomo wa chupa. Utafiti uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha chupa kama hiyo inawasaidia watoto wenye pumu sawa na kifaa cha kununua. Njooni kliniki tuwaonyeshe.

La nne ni kujifunza kutoa pumzi. Vuta kwa pua taratibu, kisha toa kwa midomo iliyobanwa kama unayepoza chai, kwa muda mara mbili ya ule wa kuvuta. Midomo ikibanwa, presha kidogo inabaki ndani na inazizuia njia zisijifunge mapema. Hewa ya zamani inapata kutoka. Ukipanda mlima, vuta ukiwa umesimama, toa ukiwa unapiga hatua. Na utembee kila siku, hata kama ni hadi kwa jirani na kurudi. Misuli iliyozoezwa inatumia oksijeni vizuri zaidi. Anayelala kitandani kwa kuogopa kuhema, kesho atahema akigeuka tu.

La tano ni oksijeni, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Oksijeni ni dawa, ina kipimo chake. Wengi wenye ugonjwa huu hawaihitaji. Wanaoihitaji nyumbani ni wale ambao kiwango chao kiko chini sana hata wakiwa wametulia. Kwa hao, tafiti mbili za Marekani na Uingereza zilizochapishwa mwaka 1980 na 1981 zilionyesha kwamba kuitumia angalau saa 15 kwa siku kunarefusha maisha.

Mjomba wangu alilazwa mwaka fulani na ugonjwa huuhuu. Kijana wake alimwona akihema, akadhani oksijeni haitoshi, akafungua kitasa hadi mwisho usiku watu wamelala. Kufikia alfajiri mzee alikuwa na usingizi mzito, akiitwa anaitikia kwa shida. Kipimo cha kidole kilisoma 99 na kijana akafurahi. Muuguzi alipofika aliipunguza mara moja na kumwita daktari, na Mungu akasaidia.

Kilichotokea ni hiki. Pafu bovu lilikuwa limejipanga. Mishipa inayokwenda sehemu zisizopata hewa ilikuwa imejibana, ili damu ielekee kwenye sehemu zinazofanya kazi. Oksijeni nyingi iliifungua, damu ikarudi kupita mahali pabovu, hewa ya ukaa haikutoka, ikarundikana. Hewa ya ukaa ikizidi inalewesha ubongo. Kile kifaa cha kubana kidole kinasoma oksijeni tu, hewa ya ukaa hakiioni. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii akiwekewa oksijeni hospitalini tunalenga 88 hadi 92, hatutafuti 99. Anayehema kwa hatari apewe oksijeni bila kucheleweshwa, lakini kitasa ni cha muuguzi, si cha ndugu.

Na mama zangu, mkija kupimwa kidole, rangi ya kucha au piko nyeusi inaweza kukivuruga kifaa. Acheni kidole kimoja bila pambo.

MASWALI KUTOKA KWA WANANCHI

"Je, ugonjwa huu unaambukiza?" Hapana. Unaweza kula naye sahani moja na kulala naye kitanda kimoja. Kinachoambukiza ni kifua kikuu, ndiyo maana tunakipima kwanza.

"Nasikia ukianza pampu huiachi mpaka kaburini." Mnaona watu wa pampu wakifariki kwa sababu wengi wanaianza wakiwa wamechelewa. Ni sawa na kusema miwani inaharibu macho kwa kuwa wanaoivaa hawaoni vizuri. Pampu haileti uraibu. Anayeitumia anaendelea kuitumia kwa sababu ugonjwa bado upo.

"Kuna tofauti gani na pumu?" Pumu mara nyingi inaanza utotoni, inakuja na kuondoka, na katikati mtu anakuwa mzima. Huu unaanza ukubwani, haupoi kabisa, na unaongezeka mwaka hadi mwaka. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Usiazime pampu ya jirani, njoo tukupime.

"Tumkimbize hospitali lini?" Akishindwa kumaliza sentensi bila kukata pumzi. Midomo au ulimi ukibadilika kuwa wa buluu au kijivu. Akisinzia kupita kawaida au akichanganyikiwa. Makohozi yakibadilika rangi na kuongezeka, na homa juu yake. Miguu ikivimba, maana hiyo ni dalili kwamba moyo unachoka kusukuma damu kwenye mapafu yaliyoharibika. Usingoje asubuhi.

"Na gharama?" Jisajilini na SHA kwa kupiga *147# au kwa msaada wa mhudumu wa afya wa mtaa wenu. Anzeni kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako aliyesajiliwa anapata huduma za msingi bila malipo. Msiende moja kwa moja hospitali kubwa kwa jambo ambalo zahanati inaweza kuanza nalo.

NAMALIZIA

Mama yangu alianza dawa. Jiko tulilihamisha nje, chini ya mkorosho, na ndugu yangu akamnunulia mtungi wa gesi kwa ajili ya chai ya asubuhi. Hakurudi kubeba ndoo kutoka ufuoni. Lakini aliishi miaka sita mingine, akafunga mwenyewe kanga yake, akaenda harusi mbili za wajukuu, na akawa anawafundisha mama karanga wenzake kupuliza kama wanaopoza chai. Alifariki akiwa na akili zake timamu.

Ile miaka minne ya kusema "ni uzee" siwezi kumrudishia. Kuta zilizoanguka katika miaka hiyo hazikusimama tena. Kwa hiyo leo jioni ukifika nyumbani, mtazame yule anayekupikia. Mwulize ni kazi gani ameacha kuifanya kwa sababu ya pumzi. Akikutajia hata moja, usimwambie apumzike. Mlete.